Fundi wa Hesabu Aliyepofuka: Maisha ya Leonhard Euler

  Ningependa kuwasimulia maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyefariki zamani sana. Najua wengi wenu mnatarajia mwanasiasa au mwanariadha. La. Mimi nimemchagua mtu wa hesabu. Tafadhali msifungue ukurasa unaofuata, ngojeni kidogo! Huyu bwana ndiye aliyezieneza nusu ya zile alama zinazotutoa jasho ubaoni, na maisha yake yana moto, vita, mfalme mwenye ulimi mkali na upofu.

Jina lake ni Leonhard Euler. Msilisome kama lilivyoandikwa, hutamkwa karibu na "Oila". Kila mara mwalimu anapoandika f(x) ubaoni, anatumia alama aliyoianzisha Euler. Ile herufi e ya logi asilia ni yake. Ile alama Σ ya kujumlisha ni yake. Ile i ya kipeuo cha pili cha −1 ni yake pia, aliianza mwaka wa 1777 akiwa mzee. Alama ya pai, π, hakuibuni yeye, bali Mwelshi mmoja, William Jones, mwaka wa 1706. Hata hivyo ilienea duniani kwa sababu Euler aliitumia, na vitabu vyake vilisomwa na kila mtu. Hata ile desturi ya kuziita pande za pembetatu a, b, c na pembe zinazozikabili A, B, C, tulirithi kwake.

Sasa, hapa shuleni kuna usemi ambao nimeusikia tangu kidato cha kwanza: ati hesabu ni kipawa, ama unacho ama huna, na kama huna basi trigonometria na kalkulasi si zako. Nilipoanza kusoma habari za Euler nilidhani nitapata ushahidi wa maneno hayo, maana kama kuna mtu aliyezaliwa na kipawa ni yeye. Nilichokuta ni kitu kingine, nanyi mtaamua wenyewe.

Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 katika mji wa Basel, nchini Uswisi. Babake, Paul, alikuwa kasisi, na punde si punde familia ilihamia kijiji cha Riehen kilicho karibu na mji huo. Hawakuwa matajiri. Huyu kasisi hata hivyo alikuwa na jambo moja lisilo la kawaida: alipokuwa chuoni alisoma hesabu kwa Jakob Bernoulli, mmoja wa mabingwa wa siku zile. Basi yeye mwenyewe ndiye aliyemwanzisha mwanawe. Alimpa kitabu cha aljebra cha Christoph Rudolff kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1525, kikatolewa tena na Michael Stifel mwaka wa 1553. Hebu pigeni hesabu: kitabu kilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 150! Kilikuwa kigumu na kilijaa mazoezi, mamia ya mazoezi. Kijana alikaa nacho miaka kadhaa akiyafanya moja baada ya jingine.

Alipopelekwa mjini kusoma, alikaa kwa nyanyake. Shule yenyewe ilikuwa duni, na hesabu haikufundishwa kabisa. Jamani, sisi tunaolalamika kuwa vipindi vya hesabu ni vingi mno kwa wiki, tungefurahi shuleni kwake! Mwaka wa 1720, akiwa na miaka 13, aliingia Chuo Kikuu cha Basel. Wakati ule haikuwa ajabu kubwa kuingia chuo na umri huo. Babake alitaka awe kasisi kama yeye, kwa hivyo alisoma dini, Kigiriki na Kiebrania.

Katika chuo hicho alikuwako Johann Bernoulli, mdogo wake yule Jakob, ambaye alihesabiwa kuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa kabisa wa Ulaya. Leonhard akaenda kumwomba amfundishe pembeni. Mzee akakataa katakata. Shughuli zilimzidi, hakuwa na wakati wa kumfundisha mtoto. Ila alimpa shauri: achukue vitabu vigumu zaidi avisome peke yake, avifanyie mazoezi kwa bidii, na pale atakapokwama kabisa, aje Jumamosi alasiri kuuliza.

Hapa ndipo nilipoanza kumpenda huyu kijana. Mwingine angekuja kila Jumamosi na orodha ndefu ya maswali ili apate mengi ya bure. Euler alifanya kinyume. Alijiwekea lengo la kumfikia mzee na maswali machache iwezekanavyo. Kwa hivyo Jumapili hadi Ijumaa alihangaika na hesabu zake: akikwama anarudi nyuma, anajaribu njia nyingine, anafuta, anaanza upya. Yaliyobaki kweli kweli, labda moja au mawili, ndiyo aliyoyapeleka. Miaka mingi baadaye, alipoeleza habari za ujana wake, alikumbuka kwamba mwalimu akishamfungulia fundo moja, mafundo mengine kumi yalifunguka yenyewe papo hapo. Kwa maoni yake hiyo ndiyo njia bora kabisa ya kujifunza hisabati. Nami nikiangalia vile sisi tunavyofanya, tunakwama dakika mbili tu, mara tumegeuza kurasa za nyuma kutafuta majibu, au tunanakili kwa jirani kabla kengele haijalia (sitaji mtu), naona ni kwa nini mafundo yetu hayafunguki.

Bernoulli alitambua upesi ni mtu wa aina gani anayebisha mlango wake. Ndiye aliyemshawishi yule kasisi amwache mwanawe afuate hesabu.

Mwaka wa 1727 Chuo cha Sayansi cha Paris kilitoa swali la shindano: milingoti ya jahazi iwekwe wapi na iwe mirefu kiasi gani ili chombo kiende vizuri? Euler, ambaye alizaliwa na kukulia katika nchi isiyo na pwani hata shubiri moja, akajibu! Tuzo ya kwanza ilimwendea Pierre Bouguer, mtu aliyebobea katika mambo ya vyombo vya baharini, lakini jibu la Euler lilipewa sifa rasmi. Baadaye maishani alishinda tuzo za chuo hicho mara 12. Mwaka huo huo aliomba kazi ya kufundisha fizikia pale Basel akaikosa. Akafunga mizigo akaenda Urusi.

Safari yake ilianza tarehe 5 Aprili 1727, kwa mashua, kwa gari la farasi na kwa meli, hadi St Petersburg tarehe 17 Mei. Kazi aliyoitiwa, mtacheka, ilikuwa katika idara ya tiba! Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa hiyo, na rafiki yake Daniel Bernoulli, mwana wa Johann, alimwambia aikubali tu. Basi kabla ya kuondoka alijisomea habari za viungo vya mwili haraka haraka. Siku aliyofika, Malkia Catherine wa Kwanza aliyekuwa mlezi wa chuo akafariki, na mambo yakavurugika. Hata hivyo alivumilia. Mwaka wa 1733 Daniel alirudi Uswisi, naye Euler akashika kiti chake cha hisabati. Januari 1734 alimwoa Katharina Gsell, binti ya mchoraji kutoka Uswisi. Walipata watoto 13. Watano tu ndio waliovuka utoto. Hilo nalitaja kwa mstari mmoja, lakini kila mtu atafakari misiba minane katika nyumba moja.

Alikuwa mtu wa watoto. Walioingia kwake walimkuta akiandika huku ameketi na mtoto magotini na paka mgongoni. Hakuhitaji kimya wala chumba cha peke yake.

Mwaka wa 1735 ulikuwa mwaka wa mambo mawili. Kwanza aliugua homa kali akaponea chupuchupu. Afya ya jicho lake la kulia ilizorota baada ya hapo, na mwaka wa 1738 jicho hilo likafa. Inasemekana alilichukulia kwa utani, kwamba sasa vitu vya kumvuruga kazini vitapungua. La pili ndilo lililompa jina Ulaya nzima. Vumilieni kidogo hapa, wenzangu, kwa sababu hesabu hii mtu wa kidato cha nne anaweza kuifuata, na mimi nilipoielewa sikulala vizuri.

Swali ni hili: 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16 + 1/25 na kuendelea bila mwisho ni ngapi? Yaani unazidisha kila namba kwa yenyewe, unagawa moja kwa kila jibu, halafu unajumlisha yote. Jakob Bernoulli alihangaika nalo akafariki mwaka wa 1705 bila jibu. Johann naye alishindwa. Ukijumlisha vipande 10 vya kwanza unapata 1.5498. Vipande 100, 1.6350. Vipande 1,000, 1.6439. Unaona jumla inakaribia mahali fulani, lakini kwa mwendo wa kobe. Mwaka wa 1731 Euler alibuni njia ya mkato iliyompa 1.644934. Sawa, lakini hiyo ni namba gani? Imetoka wapi?

Jibu lilimjia kutoka kwa sini, ile ile ya vitabu vyetu vya majedwali. Alijua, kama wengine wa wakati wake, kwamba sini ya x inaweza kuandikwa kama msururu mrefu: x − x³/6 + x⁵/120 na kuendelea. Alijua pia mchoro wake, lile wimbi linalopanda na kushuka, likikata mstari wa katikati penye 0, penye π, 2π, 3π na kuendelea, kulia na kushoto. Sasa, sisi tukijua mahali ambapo x² − 4 inakuwa sufuri tunaivunja katika mabano: (x − 2)(x + 2). Kazi ya kidato cha pili hiyo. Euler akajaribu kufanya vivyo hivyo na sini. Aliivunja ikawa x, mara (1 − x²/π²), mara (1 − x²/4π²), mara (1 − x²/9π²), mabano yasiyo na mwisho. Kisha akayafungua, akatazama vile vipande vyenye x³ peke yake. Kwa njia ya msururu, x³ imezidishwa kwa −1/6. Kwa njia ya mabano, imezidishwa kwa −(1/π² + 1/4π² + 1/9π² na kuendelea). Sini ni ile ile, kwa hivyo pande mbili lazima zilingane. Zidisha zote kwa π², ondoa alama za kutoa, na unabaki na jumla iliyotafutwa: π²/6. Chukueni kikokotoo mhakikishe. Ni 1.644934.

Lo! Pai inatoka kwenye duara. Katika lile swali mmeona duara wapi? Hakuna. Euler alikuwa na miaka 28. Habari zilipomfikia Johann Bernoulli kule Basel, mzee alisikitika kwamba kaka yake Jakob hakuwa hai kuziona.

Kuna waliomshika shati, nao walikuwa na haki. Ni nani aliyemwambia kwamba kitu chenye mabano yasiyo na mwisho kinavunjika kama x² − 4? Euler mwenyewe aliona udhaifu huo. Hakujikunyata kwa hasira wala hakutegemea sifa. Alilirudia swali lile lile miaka iliyofuata akatoa uthibitisho mwingine kwa njia nyingine. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko jibu lenyewe. Mtu ana jibu sahihi, dunia inampigia makofi, naye anarudi mezani kulifanya tena!

Mwaka wa 1741 siasa za Urusi zilipochafuka, alihamia Berlin kwa mwaliko wa Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia. Mamake mfalme alimpenda, lakini alishangaa kuona mgeni hasemi chochote zaidi ya ndiyo na la. Alipomdadisi, Euler alimweleza kwamba ametoka katika nchi ambako anayesema sana hunyongwa. Mfalme naye hakumpenda hata kidogo. Yeye alitaka watu wa maneno matamu na mzaha wa Kifaransa, si mtoto wa kasisi anayesali na familia yake kila jioni. Alimtania kwa jicho lake bovu akimfananisha na lile jitu lenye jicho moja la hadithi za Kigiriki. Kumwita mtu mlemavu kwa ulemavu wake, na wewe ni mfalme! Euler alikaa pale miaka 25 akifanya kazi.

Na kazi zenyewe! Mwaka wa 1748 alichapisha kwa Kilatini kitabu cha utangulizi wa hesabu za visivyo na mwisho. Ndicho kilichoigeuza trigonometria kuwa hii tunayoijua. Zamani sini haikuwa namba kama 0.5. Ilikuwa urefu wa mstari uliochorwa ndani ya duara kubwa. Ukichagua duara lenye nusu kipenyo cha 10,000,000, basi sini ya nyuzi 30 ni 5,000,000, na mtu mwingine mwenye duara jingine ana jibu jingine. Fujo tupu. Euler akasema tuchukue nusu kipenyo kuwa 1, yakaisha. Sini na kosini zikawa namba tu, na zaidi ya hayo zikawa kitu kinachopokea namba moja na kutoa nyingine, f(x) kama nyingine yoyote. Ndiyo maana tunaweza kuzichora kama mawimbi. Humo humo alionyesha uhusiano kati ya e, i, sini na kosini ambao tutaukuta tukifika chuo kikuu, Mungu akipenda.

Kitabu cha kalkulasi ya mabadiliko kikafuata mwaka wa 1755, na humo sini na kosini zina sheria zao kama jamaa wengine. Tunaambiwa tukariri kwamba mteremko wa sini ni kosini. Kukariri kuna faida gani? Fanyeni hivi jioni moja wakati wa masomo ya usiku. Tafuteni sini ya nyuzi 30 na ya nyuzi 31 katika majedwali: 0.5000 na 0.5150. Tofauti ni 0.0150. Uzi mmoja, ukipimwa kwa kile kipimo cha pai, ni 0.01745. Gawanyeni. Mtapata kama 0.86. Sasa angalieni kosini ya nyuzi 30: 0.8660. Si uchawi. Mkichukua hatua ndogo zaidi ya uzi mmoja, mtaikaribia zaidi. Mimi nilifanya hesabu hiyo mara tatu kwa nyuzi tofauti, na tangu hapo sijaihitaji kuikariri.

Kati ya 1760 na 1762 aliandika barua zaidi ya 200 kumfundisha binti mmoja wa kifalme wa Ujerumani mambo ya sayansi, kwa lugha rahisi ajabu, nazo zikachapishwa zikasomwa Ulaya kote. Wakati wa vita, mwaka wa 1760, askari wa Urusi waliharibu shamba lake karibu na Berlin. Jenerali wao alipojua ni la nani alimlipa, na malkia wao akaongezea fidia juu yake. Uingereza nayo mwaka wa 1765 ilimlipa pauni 300 kwa sababu hesabu zake za mwendo wa mwezi zilisaidia kutengeneza majedwali ya kuwawezesha mabaharia kujua walipo baharini. Trigonometria hiyo, jamani, na kuna watu wanauliza inasaidia nini!

Mwaka wa 1766 alichoka na mfalme, akarudi St Petersburg alikoitwa na Malkia Catherine wa Pili. Hapo ndipo msiba mkubwa ulipomfika. Mtoto wa jicho uliingia katika lile jicho lililobaki, na muda si muda hakuona. Alikuwa na miaka 59. Fikirieni. Mtu aliyeishi kwa kuandika, asiyeweza kukaa siku bila kalamu, sasa hawezi kusoma hata alichoandika mwenyewe. Wengi tungesema amekwisha.

Kitabu alichokitoa baada ya hapo kilikuwa cha wanafunzi. Alimchukua kijana mmoja mtumishi, ambaye alikuwa amejifunza kushona nguo na hakujua hesabu ila zile za kawaida, akamsomea kwa mdomo kitabu kizima cha aljebra huku kijana akiandika. Kila fungu lilimalizika pale tu kijana alipoelewa. Inasimuliwa kwamba kazi ilipokwisha, yule fundi cherehani alikuwa anaweza kufanya aljebra mwenyewe bila kusaidiwa. Kitabu kilitoka kwa Kirusi mwaka wa 1768 na kwa Kijerumani mwaka wa 1770, na kimejaa mazoezi kama kile alichopewa na babake utotoni, kile cha Rudolff. Vitabu vingine vitatu vya kalkulasi ya kujumlisha vilitoka kati ya 1768 na 1770.

Mnauliza, aliwezaje? Kwa kweli hata mimi niliuliza. Alikuwa na ubao mkubwa wa jiwe ambao aliweza kuandika juu yake kwa chaki herufi kubwa kubwa, alipokuwa bado akiona kivuli kidogo. Alikuwa na wasaidizi: mwanawe Johann Albrecht, na baadaye kijana Nicolaus Fuss aliyetoka Basel mwaka wa 1773, na wengine. Zaidi ya yote alikuwa na kichwa chake. Zile Jumapili hadi Ijumaa za ujanani, yale mamia ya mazoezi, yote yalikuwa yamekaa humo, hayakuhitaji jicho. Kuna kisa cha wanafunzi wake wawili waliojumlisha vipande 17 vya msururu mrefu, kila mmoja kwa kalamu yake, wakatofautiana katika tarakimu ya 50. Mzee akaipiga upya yote kichwani akawaambia ni nani aliyekosea. Mwaka wa 1772 alitoa kitabu kinene cha nadharia ya mwendo wa mwezi, sini na kosini tele, hesabu ambazo mtu mwenye macho mawili zingemshinda. Mwaka wa 1775 peke yake alikuwa akitoa karibu makala moja kila wiki.

Na haya yote hayakufanyika katika raha. Mei 1771 moto mkubwa uliteketeza mamia ya nyumba mjini, yake ikiwamo. Yeye, kipofu, alikuwa ndani. Fundi mmoja kutoka Basel aitwaye Peter Grimm alipenya motoni akambeba mabegani akamtoa. Maandishi yake mengi yaliokolewa. Mwaka huo huo daktari alimfanyia upasuaji wa jicho la kushoto, na kwa siku chache akaona tena! Kisha jicho likaingia uchafu, likamtesa kwa maumivu makali, giza likarudi. Mwaka wa 1773 mkewe Katharina alifariki baada ya miaka karibu 40 ya ndoa. Mwaka wa 1776 alimwoa Salome Abigail, dada yake Katharina kwa baba.

Orodha ya kazi zake iliyoandaliwa baadaye ina maandishi 866. Chuo cha St Petersburg kiliendelea kuchapisha yaliyobaki miaka mingi baada ya kifo chake, maana wapiga chapa hawakuweza kumfikia alipokuwa hai.

Alifariki tarehe 18 Septemba 1783. Asubuhi hiyo alimfundisha mjukuu wake hesabu kama kawaida. Mwaka huo, mwezi wa Juni, ndugu wawili Wafaransa, akina Montgolfier, walikuwa wamerusha hadharani puto la hewa moto, na Ulaya yote ilikuwa ikilizungumzia. Euler naye alitaka kujua puto hupanda kwa mwendo gani, akaanza kulipigia hesabu. Wakati wa chakula alizungumza na msaidizi wake Lexell kuhusu njia ya sayari ya Uranus, ambayo ilikuwa imegunduliwa miaka miwili tu kabla. Alasiri alikuwa akicheza na mjukuu, ameketi na kiko chake. Kiko kikamponyoka. Alipata kiharusi, na saa chache baadaye akakata roho, akiwa na miaka 76.

Zile hesabu za puto zilikutwa bado ziko kwenye ubao wake. Zilinakiliwa kama zilivyokuwa, zikapelekwa Paris, zikachapishwa mwaka wa 1784.